Daraja la D Darasani

Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne yakitangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), masikio yetu hukimbilia asilimia ya ufaulu. Ufaulu huo unahesabu madaraja A, B, C na D. Mtoto mwenye D anapanda darasa la tano pamoja na wenzake. Lakini katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ufaulu unaishia C. Ina maana alama iliyompandisha leo ndiyo itakayomwangusha baadaye, na katikati hapo hakuna aliyemshtua mzazi wake.

Upimaji wa darasa la nne uliwekwa ili mwalimu ajue nani hajashika kusoma, kuandika na kuhesabu, amsaidie mapema. Msaada huo ni vipindi vya ziada, vitabu vya kutosha, na darasa lisilofurika watoto hadi mwalimu ashindwe kuwasikiliza mmoja mmoja. Kumkaririsha darasa aliyepata E, yaani aliyeshindwa, bila kubadili ufundishaji ni kumwonea.

Mzazi mwenzangu, usiulize tu kama mwanao amefaulu. Uliza amepata daraja gani kwenye hisabati, na Januari shule itamfanyia nini.