Hati ya Uhuru Iko Mkononi

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sikukuu ya Jubilei ya Miaka 25, Msambweni



Kazi ya katibu ni kusoma ripoti. Ripoti yenyewe mnayo katika kijitabu hiki, kwa hiyo sitaisoma tena. Nilimwomba Mwenyekiti ruhusa ya kusema jambo ambalo halimo katika ripoti, naye akakubali.

Neno hili jubilei tumelitaja sana tangu tuanze maandalizi. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, jubilei ni mwaka wa hamsini. Sisi wa miaka 25 tumefika nusu ya njia! Mwaka huo waliouzwa utumwani walirudi kwa jamaa zao, na mashamba yakarudi kwa wenyewe. Lakini angalieni mstari wa 9: baragumu la jubilei lilipigwa Siku ya Upatanisho, siku ambayo taifa zima lilitubu dhambi. Toba ilitangulia, kisha minyororo ikafunguliwa. Mungu alijua kwamba mtu anaweza kuachiliwa na bwana wake na bado akabaki mfungwa moyoni.

Mimi nilikuwa mfungwa wa namna hiyo, hapa hapa katika kwaya hii.

Miaka saba iliyopita tulichanga pesa za sare mpya. Nilikuwa nimekabidhiwa Sh. 14,500 nimpelekee fundi. Wiki hiyo mtoto wangu alilazwa hospitalini. Sikumwambia mtu. Nilizitumia, nikijiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulifika, na mshahara ulikuwa umekatwa mkopo. Pasaka ikafika, nasi tukaimba kila mtu na nguo yake. Mwenyekiti aliponiuliza, nilisema fundi ndiye aliyetuchelewesha. Naye akasimama mbele ya kanisa akalisema hilo, kwa kuniamini.

Pesa nilizirudisha zote baada ya miezi minne, na sare zikashonwa. Hesabu za vitabu zikalingana, lakini hesabu ya moyoni ilikataa. Nilianza kubaki kitini wakati wa Meza ya Bwana. Nikawa wa kwanza kufika mazoezini, nafagia kanisa peke yangu, natoa nakala za nyimbo kwa pesa za mfukoni. Mlinisifu kwa bidii. Ndugu zangu, haikuwa bidii. Nilikuwa nalipa deni ambalo halina mwisho. Na kijana mmoja wa sauti ya tatu alipochelewesha mchango wake, mimi ndiye niliyemkemea kuliko wote. Mtu anayejihukumu mchana na usiku hupata nafuu kidogo akimpata mwingine wa kumhukumu.

Siku moja nilichoka. Nilimwomba Mchungaji, Mwenyekiti na mweka hazina tukae, nikayasema yote. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Mweka hazina wetu, mama yetu wa sauti ya pili, alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa wa mwaka ule, akaniambia, "Mwalimu, pesa uliisharudisha. Lililobaki ni jina la fundi. Nenda kalirudishe."

Nilienda. Fundi alisikiliza huku akikanyaga cherehani. Kisha akasimamisha gurudumu, akasema kwamba baada ya Pasaka ile alikosa kazi mbili za sare kwa sababu ya maneno yale. Hakunisamehe siku ile. Alinisamehe baada ya miezi miwili, na baada ya mimi kumsafisha mbele ya watu wale wale waliosikia uongo wangu. Nalisema hili ili asije mtu akaondoka hapa akidhani msamaha wa Mungu unatuondolea kazi ya kutengeneza tulichoharibu. Zakayo alipookoka, alirudisha mara nne.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Mungu alikuwa amenisamehe. Kamati ilinisamehe. Fundi alinisamehe. Lakini mimi niliendelea kujipiga mwaka mzima. Kila nilipofungua kinywa kuimba, sauti moja iliniambia, "Wewe ni nani hata uimbe?" Hatia ya kweli ilikuwa imekwisha kazi yake. Iliyobaki ilikuwa kujihukumu tu, na hiyo haikutoka kwa Mungu.

Mwaka uliofuata kwaya ilikwenda ziara Rabai. Wengi mnakumbuka: tuliingia katika kanisa la zamani ambalo sasa ni makumbusho ya Johann Ludwig Krapf, aliyefika pwani yetu mwaka 1844. Lakini kilichonigusa mimi ni habari za watoro.

Katika miaka ya 1880 watumwa wengi walikimbia kwa mabwana zao wakajificha Rabai na katika vituo vingine vya misheni. Aliyewapokea Rabai ni Mchungaji William Henry Jones, ambaye mwenyewe alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasoma India, kisha akarudi kutumika hapa pwani. Watoro walilima na kujenga, lakini waliishi kwa hofu, kwa maana mabwana zao walikuwa wakidai warudishwe. Mwaka 1888 mambo yalifika pabaya. Ndipo George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani, akapatana na wenye watumwa walipwe fidia. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru.

Hebu fikirini mtoro mmoja wao. Bei imelipwa, na si yeye aliyeilipa. Aliyekuwa akimdai amepokea malipo, hana tena neno juu yake. Hati iko mkononi. Je, akiendelea kulala porini, akishtuka kila jani linapotikisika, tutamwita mnyenyekevu? Tutasema hajaiamini hati yake. Na zaidi, anamfanya aliyelipa kuwa kama hakulipa kitu.

Pale Rabai nilijiona. Nilikuwa nimeita unyenyekevu kitu ambacho kilikuwa kutoamini. Paulo anasema katika Warumi 8:1 kwamba walio ndani ya Kristo Yesu hawana hukumu juu yao tena. Hakusema wale ambao hawajakosa kamwe. Na Yohana, katika waraka wake wa kwanza 3:20, anatukumbusha kwamba hata mioyo yetu ikitushitaki, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu. Moyo wangu si hakimu wa mwisho. Juu ya mahakama yake kuna mahakama nyingine, na huko kesi imekwisha.

Nikiwa darasani nimeona mwanafunzi anayekosea hesabu, akafuta kwa ufutio, akafuta tena, hata karatasi ikatoboka. Jibu sahihi halina tena mahali pa kuandikwa. Humwambia, "Mwanangu, fungua ukurasa mwingine." Petro alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa. Baada ya kufufuka, Bwana aliwasha moto wa makaa ufukweni, akawachomea wanafunzi samaki, kama wavuvi wetu wafanyavyo jioni, akamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Hakumfanya asahau. Alimfungulia ukurasa mwingine, akampa kazi: lisha kondoo zangu.

Ndugu waimbaji na washirika, nawaomba mambo matatu tunapoanza miaka mingine 25.

Kwanza, aliye na jambo asilifiche kama nilivyofanya mimi. Atubu kwa Mungu, aende kwa aliyemkosea, arudishe kinachoweza kurudishwa. Kisha aache. Asijiongezee kifungo ambacho hakimu hakukitoa.

Pili, tusiwe walinzi wa magereza ya wenzetu. Aliyesamehewa na kamati asikumbushwe mazoezini, wala kwenye kikundi cha simu, wala siku ya uchaguzi wa viongozi. Yule kijana wa sauti ya tatu nilimwomba radhi. Leo ndiye mwimbishaji wetu, na mtamsikia baada ya hotuba hii.

Tatu, wako wanaojihukumu kwa jambo ambalo si dhambi hata kidogo. Mama aliyefiwa na mtoto, bado anajiuliza kama angaliwahi hospitali. Mzee ambaye mwanawe amepotelea kwenye dawa za kulevya. Hao tusiwaambie watubu. Tukae nao, tulie nao. Na mzigo ukizidi hata mtu akatamani kufa, tumshike mkono, twende naye kwa Mchungaji na kwa daktari pia. Hakuna aibu.

Jumapili iliyofuata ziara ya Rabai nilisogea kwenye Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mama yetu mweka hazina alikuwa nyuma yangu katika mstari. Hakusema kitu, alinigusa bega tu. Siku hiyo niliimba sauti yangu yote.

Baragumu limepigwa. Kama hati yako ingali imekunjwa mfukoni, ikunjue leo uisome. Bei imelipwa.

Mungu aibariki kwaya yetu, alibariki kanisa letu na Msambweni yote. Bwana asifiwe.

Wenu katika huduma,
Katibu wa Kwaya