Mkanda wa Msumeno Ukatikapo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Nimetakiwa kusema juu ya msumeno wa mkanda. Labda karani atauliza: hayo yanihusu nini, nami kazi yangu ni kalamu? Yakuhusu sana. Mkanda ukatikapo, ni wewe uandikaye katika daftari ya stoo neno "uzembe," na kwa neno hilo moja fundi hukatwa mshahara. Basi kabla hujaandika, omba uletewe vipande uvitazame.

Ukiona umekatika penye maungio, na penginepo pote ni pazima, mtafute aliyeuchomelea. Pengine chuma kilipozwa upesi mno, kikawa kikavu kama kigae. Nyufa zikianzia mabondeni mwa meno, mara nyingi mkanda ulitumiwa hali ni butu, ubao ukasukumwa kwa nguvu. Tena mkanda mnene juu ya magurudumu madogo haudumu. Kipimo cha mafundi ni kwamba unene usipite sehemu moja katika elfu ya kipenyo cha gurudumu: kwa gurudumu la inchi 36, usizidi inchi 0.036.

Liko na jambo la huku kwetu uwandani. Mkanda hupata moto kazini ukarefuka. Jioni usipolegezwa, usiku hupoa ukajikaza. Na baridi ya Dodoma mwezi wa Juni na Julai mwaijua wenyewe. Asubuhi ukatike, alaumiwe aliyewasha mashine, ilhali kosa ni la aliyefunga kazi jana.

Msumeno ukienda kombo, wengine hunena kwamba mashine ina shetani. Shetani huyo huonekana kwa macho: meno ya upande mmoja ni makali kuliko ya pili, na mkanda huelekea upande ulio mkali. Yakiwa sawa, tazama kama umelegea, au kama msukumaji ana haraka.

Mti nao una tabia yake. Mninga wa Tabora hausumbui sana. Mvule huficha mawe ndani yake, yakavunja makali ghafula. Misonobari ya Sao Hill ina utomvu ugandao ubavuni mwa mkanda. Simamisha mashine, ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Lakini adui mkubwa wa hapa ni mchanga. Gogo lililokokotwa mavumbini humaliza makali kabla ya ubao wa pili; na litolewe ganda kwanza.

Mwisho, hati ya kuagizia. Karani aandikapo "mkanda mmoja" tu, ataletewa wowote. Andika urefu, upana, unene, na hesabu ya meno katika inchi moja. Mbao nene zataka meno machache yenye mabonde makubwa, yasijae unga. Mbao nyembamba zataka meno mengi, yasipungue matatu ndani ya ubao.

Vipande vitatu vya mikanda iliyokatika viko hapa mezani. Karibuni mvitazame, mniambie kila kimoja kilikatikaje.