Mashine ya Gemu Ipi Itatufaa?

(Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe polepole kikundini.)

Wewe msomaji uliyeikosa sauti yangu redioni ukaipata karatasi hii, karibu tukae pamoja.

Juma hili tumepata barua kutoka Getanuwas, wilayani Hanang. Walioiandika ni vijana wa kikundi kimoja, nao wanataka kuomba mkopo wa halmashauri, ule usio na riba, wafungue kibanda cha gemu. Chumba wamekwisha kukipata. Kilichowashinda ni kupatana juu ya mashine. Mmoja ameona mnadani mashine ndogo ya kaseti, tena bei yake ni rahisi. Mwingine shangazi yake wa Arusha anayo Sega ya zamani, naye asema itatengenezeka. Waliobaki wote wataka PlayStation 2 na hawasikii neno jingine. Wamebishana majuma mawili. Chini kabisa ya barua mzee mmoja ameongeza kwa kalamu yake: "Mwalimu, hii ni kazi au ni uvivu?"

Swali la mzee nitalirudia. Kwanza yafaa tujue vitu hivi ni nini na vilitoka wapi, maana mtu hachagui jembe kabla ya kulitazama mpini na ubapa.

Mashine ya gemu ni kompyuta iliyofundishwa kazi moja tu. Haina kioo chake yenyewe, huazima kioo cha televisheni. Kwa hiyo pasipo televisheni haina maana yoyote, na hapo ndipo historia yake kwetu inapoanzia. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulingoja mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo yake Dar es Salaam. Sasa tazama huko nje mambo yalikuwa yamefika wapi. Kampuni ya Nintendo ilitoa mashine yake ya Famicom huko Japani mwezi wa Julai 1983. Sega ikaijibu mwaka 1988 kwa Mega Drive. Nintendo ikarudi mwaka 1990 na Super Famicom. Kisha Sony, ambayo ilikuwa ikishirikiana na Nintendo mpaka walipofarakana mwaka 1991, ikatoka peke yake na PlayStation mwezi wa Desemba 1994.

Unaona, basi? Mwaka uleule tuliopata kioo, wenzetu walikuwa wamekwisha kupigana vita nzima ya kaseti na wanaanza vita ya diski. Watoto wa Japani na Marekani walikua wakizozana, Sega au Nintendo, kama sisi tunavyozozana Simba au Yanga. Vita hiyo ilitupita. Mashine zilipotufikia zilifika zote kwa pamoja, nzima na mbovu, kama nguo katika robota la mitumba. Na ile ndogo ya kaseti, mara nyingi haikuwa ya Nintendo hata kidogo. Ilikuwa nakala ya Famicom, iliyotengenezwa Taiwan au Uchina na kupewa jina lolote lililompendeza mwenye kiwanda.

Msione haya kwa hilo. Huko Urusi nako Famicom haikufika kwa mlango wa mbele. Kuanzia mwaka 1992 iliuzwa nakala yake iliyoitwa Dendy, na Warusi wengi wenye umri wa makamo leo hukumbuka jina hilo tu. Nchini Brazili mambo yalikwenda upande mwingine. Kampuni ya nchini humo, Tectoy, ilianza kutengeneza mashine za Sega, Master System mwaka 1989 na Mega Drive mwaka uliofuata. Kwa kuwa ziliundwa palepale nyumbani, na mafundi na vipuri vilikuwapo, Sega ilishika mizizi Brazili. Mwaka 2017 Tectoy walikuwa bado wanatoa Mega Drive mpya, ilhali Sega yenyewe ilikuwa imeacha biashara ya kuunda mashine tangu mwaka 2001.

Kwa hiyo kijana wa Sega asidhani namdharau. Mega Drive ni mashine hodari. Ubongo wake ulifanya hesabu upesi kuliko wa Super Famicom, na Sonic ya mwaka 1991 ni mchezo wa mbio ambao mpaka leo sijaona mtu akiutazama akabaki ametulia. Ila Super Famicom iliishinda kwa rangi: ile iliweza kuonyesha rangi 256 kwa mara moja, Mega Drive 64. Lakini, ndugu yangu, kaseti zake utazipata wapi? Itakapokufa, fundi wa Katesh atatoa kipuri wapi? Tena kaseti za Japani na za Ulaya hazikuwa na umbo moja, kwa hiyo hata ukibahatika kuipata, huenda isiingie. Mwache shangazi akae na Sega yake.

Zimebaki mbili, na hapa twende polepole.

Mashine ya kaseti huhifadhi mchezo katika kipande kidogo cha umeme ndani ya sanduku la plastiki. Hakuna kinachozunguka humo wala kinachosogea. Ukichomeka, meno ya shaba hugusana na meno ya mashine, na mchezo huanza mara moja. Adui wake ni uchafu kwenye yale meno. Watoto hutoa kaseti wakaipuliza kwa mdomo, ikakubali, wakaamini kuwa pumzi ndiyo dawa. Pumzi ina unyevu, na unyevu huleta kutu. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya. Chukua kitambaa safi chenye spiriti kidogo, futa meno, ngoja yakauke, basi.

PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2000 husoma diski kwa mwale wa mwanga unaopita katika lenzi ndogo, diski ikizunguka kwa kasi. Wewe unayekaa Getanuwas wajua kiangazi kilivyo, upepo unapoinua vumbi la mashamba yaliyolimwa. Vumbi hilo likikaa juu ya lenzi, mashine hukwama katikati ya mchezo, na mteja aliyekwisha kulipa hataki kusikia habari za lenzi. Vibanda vingi siku hizi vimeacha diski na kusomesha michezo kutoka kwenye flashi, na kweli dawa hiyo hupunguza ugonjwa wa lenzi. Lakini michezo mingi inayouzwa katika flashi hizo ni nakala za wizi, na mwenye kibanda ajue hivyo mapema.

Upande wa nguvu hakuna ulinganifu. Famicom ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 2 za kufanyia kazi, na mchezo wote wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 ulitosha katika kilobaiti 40. PlayStation 2 ina megabaiti 32, yaani zaidi ya mara elfu kumi na sita. Kwa nguvu hiyo ndipo unamwona mchezaji wa mpira ana uso, ana mwendo wake, na mashabiki wanaimba. Iliuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani, na hakuna mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni iliyopata kuuzwa zaidi. Uundaji wake ulikoma mwanzoni mwa mwaka 2013, lakini mwishoni mwa mwaka huohuo bado iliandaliwa michezo mipya ya mpira. Kwa sababu ziliuzwa nyingi namna hii, pedi, nyaya na lenzi zake bado zinapatikana kwa mafundi wa mijini, na wapo wanaozijua kwa mikono.

Sasa tuje kwenye umeme, ambao barua yenu haikuutaja hata mara moja. Chukueni kalamu.

Kama kibanda chenu kina waya wa TANESCO, rukeni sehemu hii. Kama mtategemea sola, hesabu ni hii. PlayStation 2 nyembamba ya mwisho hula mpaka wati 35 hivi. Zile nene za mwanzo hukaribia 50. Televisheni ndogo ya flati ya volti 12 tuseme wati 20. Jumla wati 55. Mkifungua kwa saa sita, 55 mara 6 ni wati-saa 330. Mashine hiyo itahitaji inveta, na inveta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo betri itatoa karibu 400. Paneli ya wati 100, kwa siku yenye jua zuri, huweka katika betri kiasi cha wati-saa 400. Mmemaliza. Hakuna taa usiku, na hakuna simu hata moja ya mteja iliyochajiwa.

Fanyeni hesabu ileile kwa mashine ya kaseti. Famicom yenyewe hula wati 4. Ongeza televisheni, ni 24. Mara saa sita, 144. Nayo haihitaji inveta, kwa kuwa hupokea umeme wa volti chache kama ule wa betri, ukipunguzwa tu kwa kifaa kidogo cha bei rahisi. (Tazama kwanza alama ya chanya na hasi kwenye kichwa cha waya. Famicom hutaka hasi katikati, kinyume cha vifaa vingi vya sola, na ukikosea huenda ukaiunguza.) Mtabakiwa na wati-saa zaidi ya 250. Kitochi hula kama 5 kujaa. Hizo ni simu arobaini na zaidi, na kila moja ina senti zake.

Kijana wa kaseti sasa anacheka. Asicheke sana. Ile kaseti inayojigamba kuwa na michezo 9,999, hesabu mwenyewe: ya kweli ni michache, iliyobaki ni majina yanayorudiwa. Na ile bastola ya kulengea bata haifanyi kazi kwenye televisheni ya flati. Unapovuta kifyatulio, kioo huzimika kufumba na kufumbua, kisha bata huwa kipande cheupe, na jicho lililo ndani ya mtutu hutafuta mwanga huo wakati uleule. Televisheni yenye chogo hutoa mwanga kwa wakati, flati huchelewa kidogo, basi bastola haioni kitu. Zaidi ya hayo, nani atalipa kila siku kucheza vifaru vilevile? Watu wa rika langu wangelipa mara moja kwa kukumbuka utoto. Kijana wa leo ataka mpira, ataka amfunge mwenziwe mbele ya watu, kisha mwenziwe alipe tena ili ajaribu kulipa kisasi. Hiyo ndiyo biashara ya kibanda.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kwa kibanda, nunueni PlayStation 2 nyembamba, iliyotumika, moja tu na pedi mbili za akiba, maana pedi ndizo hufa kwanza. Lakini msiombe mkopo kwa ajili ya mashine peke yake. Pakiwa hakuna waya wa umeme, andikeni katika maombi paneli za wati 200 na betri ya kutosha, hata kama jumla itapanda. Mkiandika mashine bila umeme mtapewa deni linalolala mchana.

Mkiniuliza kipenzi changu mwenyewe, hilo ni swali jingine, nami nitalijibu kwa furaha. Ni ile ndogo ya kaseti. Haina menyu ya kusoma wala kusubiri. Bibi asiyejua herufi humwona yule mtu mfupi amekaribia shimo, naye hupiga kelele "ruka!" sawasawa na mjukuu. Nimeona nyumba ambamo baba na binti walicheza wawili kwa zamu, wakazungumza jioni moja kuliko walivyozungumza mwezi mzima. PlayStation 2 ina nguvu mara elfu, na sikatai, ila mchezo wake huchukua jioni kuuzoea. Mwenye nyumba na sola ndogo, asiyetaka kumtoza mtu senti, anunue kaseti. Akague kwanza kama televisheni yake ina matundu matatu ya rangi, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti, kwani flati nyingine mpya hazina.

Mzee wangu uliyeuliza, ni kazi au ni uvivu: nimepata kuona vya namna zote mbili. Ukitaka kujua cha vijana wako ni cha namna gani, nenda saa nne asubuhi siku ya shule. Ukikuta watoto wenye sare ndani, una haki ya kukifunga kwa fimbo yako. Ukikuta mlango umefungwa na mmoja wao yuko shambani, uliza daftari la mapato liko wapi, ulisome mstari kwa mstari. Kama hujui kusoma, mwambie mwenyekiti wa kikundi akusomee mbele ya wenzake.

Mpaka tutakapokutana tena, kila kikundi kitafute kifaa kimoja cha umeme, redio, chaja au televisheni, kiigeuze, kisome kibandiko cha nyuma na kuandika volti na wati zake. Pasipoandikwa wati, zidisheni volti kwa ampea. Leteni karatasi hizo kwa mwalimu wenu wa kisomo, na vijana wa Getanuwas walete mbili, ya mashine na ya televisheni. Kwaherini.