KOCHA ANASIFIWA, MTOTO ANALINDWA NA NANI?

(Hotuba kwa vijana wa matawi ya jijini Dar es Salaam. Tunaichapa kama ilivyotolewa.)

Ndugu zangu vijana, leo sikuja na habari za kura wala ugumu wa maisha. Hayo mnayajua. Nimekuja na jambo tunalolifunika, nalo liko uwanjani kwetu, madrasa kwetu, kanisani kwetu na kwenye tuisheni zetu. Mtoto tunamkabidhi kwa mtu mzima, kisha tunageuza mgongo. Nani anamlinda?

Msiseme haya ni mambo ya kina mama. Ninyi ndio mnaofundisha timu za mchangani. Ninyi ndio mnaosimamia kwaya, skauti na vikundi vya ngoma.

Nilipokuwa na umri wenu, mtaani kwetu alikuwapo kocha aliyependwa sana. Aligawa njumu, alinunua soda, na kila baada ya mazoezi alikuwa na mtoto wake wa kwenda naye nyumbani "kufua jezi". Sisi kijiweni tulicheka. Tulimtania yule mtoto. Siku moja akaacha mpira, kisha akaacha shule. Kocha akahamia mtaa mwingine, akaanzisha timu nyingine. Hakuna aliyekwenda polisi. Kicheko kile kinanisuta mpaka leo.

Kama unadhani hicho ni kisa cha mtaa mmoja, sikiliza hesabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Tanzania Bara, karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana je? Takriban 1 katika kila 7. Timu yenye wachezaji 14, pamoja na wa akiba, kwa wastani huo ni wawili.

Sasa tazameni yaliyowapata wakubwa wa Marekani. Chama cha skauti cha huko, Boy Scouts of America, kwa miongo mingi kiliweka majalada ya siri ya viongozi walioshukiwa kuwachezea watoto. Majina yaliandikwa, yakafungiwa kabatini. Mara nyingi polisi na wazazi hawakuambiwa, eti jina la chama lisichafuke. Mwaka 2012, kwa amri ya mahakama ya Oregon, majalada zaidi ya 1,200 yaliwekwa hadharani. Februari 2020 chama hicho kikakimbilia mahakama ya wafilisi. Waliojitokeza kudai walikuwa zaidi ya 82,000, na fidia ikapita dola bilioni 2.4. Jina walilolificha kabatini halikupona. Watoto nao hawakupona.

Kwa hiyo kila timu na kila kikundi kiwe na kanuni zilizoandikwa. Si nyingi.

Kwanza, mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Wawe watu wazima wawili, na mlango uwe wazi.

Pili, asipokelewe mtu kwa sababu tu ana mpira na seti ya jezi. Ulizeni alikotoka, na kwa nini aliondoka. Kocha wetu yule angeulizwa swali hilo moja tu, asingepata timu ya pili.

Tatu, zawadi za siri na ujumbe wa simu usiku ni marufuku. Ukiwa na neno kwa mtoto, mzazi alione.

Nne, katika safari na kambi, watu wazima walale kwao na watoto kwao, na mzazi ajue watoto wanalala wapi.

Tano, mtoto aambiwe tangu siku ya kwanza nani wa kumwendea, na asiwe kocha peke yake. Afundishwe pia namba 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto.

Sita, na hapa ndipo tunaposhindwa: taarifa haimalizwi na kamati. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kuitoa kwa serikali ya mtaa. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto apelekwe hospitali upesi, kabla ya kuogeshwa, maana ushahidi huondoka na maji. Tangu mwaka 1998 sheria inataka mbakaji afungwe si chini ya miaka 30. Kuimaliza kesi hiyo kindugu, kwa mbuzi na bahasha, ni kumuuza mtoto mara ya pili.

Kuna anayenong'ona pale nyuma: "Je, tukisingiziwa?" Swali zuri. Kanuni hizi zinamlinda hata kocha mwaminifu. Palipo na watu wazima wawili na mlango wazi, pana shahidi. Wala sisemi mkamchome mtu moto. Anayechunguza ni polisi, anayehukumu ni mahakama. Mtuhumiwa akiuawa, kesi imezikwa naye, na mtoto hatapata haki yake.

Neno la mwisho ni kwetu wenyewe. Kila siku tunapiga kelele kwamba vigogo wa chama tawala wanalindana. Sawa. Je, akitajwa kigogo wa kwetu? Nasema asimame pembeni siku hiyo hiyo, na taarifa iende polisi, hata kama ni yeye anayetulipia vipaza sauti. Chama kinachowaficha watu wake hakina kidole cha kumnyooshea mwenzake.

Jumamosi hii mkienda mazoezini, ziandikeni kanuni hizo sita, muwasomee wazazi, mzibandike ukutani. Na wewe, ukikaa kijiweni ukasikia wenzako wanamcheka mtoto kama tulivyocheka sisi, usicheke. Inuka, nenda ukaseme.