Mazungumzo kwa Akina Mama: Kashata Safi ya Watoto

Mtoto arudiye kutoka shuleni jioni huwa na njaa, na ugali haujaiva bado. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, mama mwenye kazi nyingi humpa sarafu akanunue peremende dukani. Fedha imekwenda, na njaa hurudi upesi, kwa kuwa peremende ni sukari tupu.

Kipo kitafunio kilicho bora zaidi, nacho kwaweza kupikwa nyumbani juu ya jiko la makaa. Ni kashata, ambayo watu wa pwani wameijua tangu zamani: njugu karanga zilizoshikanishwa kwa sukari iliyoyeyuka. Watu wa nchi nyingine pia wana vitu vya namna hii. Huko Mexico hutumia mbegu za mchicha na asali, na katika Marekani watoto hupewa vipande vya nafaka na njugu.

Faida ya kashata imo katika njugu. Kila gramu 100 za njugu zina gramu 25 hivi za protini, chakula cha kujenga mwili, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta ya kutia nguvu. Tena si kitu cha kuagizwa mbali, maana njugu hulimwa Homa Bay, Siaya na Busia.

Lakini faida hiyo yategemea jambo moja, nalo ni kuchagua njugu. Sokoni zipo njugu za bei rahisi, zilizovunjika na kusinyaa, na mwenye fedha kidogo huvutwa nazo. Si ajabu. Hata hivyo na asimame kwanza afikiri. Njugu zilizowekwa mahali penye unyevu huota ukungu, na ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 1960, katika Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya njugu yenye sumu hiyo. Hapa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo, na 125 kati yao wakafa. Hata ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, huharibu ini. Wala asidhani mtu kwamba moto utaimaliza. Kukaanga hupunguza tu.

Basi, mama amwage njugu katika ungo, mahali penye mwanga, azichambue moja moja. Zilizokunjamana, zilizogeuka rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu azitupe zote. Asiwape kuku, habari ya wale bata mzinga yatosha kuwa onyo. Kuchambua hakuondoi sumu yote, lakini huondoa sehemu kubwa, kwa hiyo na anunue kwa mwenye duka awekaye mali yake pakavu.

Upishi wenyewe si mgumu. Vikombe viwili vya njugu vikaangwe bila mafuta, vipozwe, vipukuswe maganda, kisha vitwangwe kidogo katika kinu. Njugu itakayoonjwa ikawa chungu itemwe. Kikombe kimoja cha sukari, au sukari nguru iliyopondwa, kitiwe katika sufuria pamoja na robo kikombe ya maji na chumvi kidogo sana. Ichemke mpaka tone lake likidondoshwa katika maji baridi ligande na kuvunjika. Hapo njugu zitiwe, pamoja na simsim kidogo kama ipo, zikorogwe upesi kwa mwiko na kumwagwa katika sinia iliyopakwa mafuta. Zibanwe kwa kitako cha kikombe, zikatwe vipande kabla hazijapoa, na zihifadhiwe katika mkebe wenye kifuniko.

Sukari ichemkayo huunguza kuliko maji, kwa maana hunata mwilini. Katika nyumba ya chumba kimoja, watoto na watolewe nje kwanza, na mlango uachwe wazi ili moshi na hewa mbaya ya makaa itoke.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe vipande vya njugu, asije akapaliwa. Njugu zake zisagwe laini ziingie katika uji. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Na mtoto akivimba midomo au akipata shida ya kupumua baada ya kula njugu, apelekwe hospitali mara moja.

Kipande kimoja jioni chatosha, kisha maji na mswaki. Wazee walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na njugu ndivyo zilivyo. Nusu saa ya kuchambua haimgharimu mama hata senti, lakini ndiyo itengayo chakula na sumu.