Baruti Haipimwi kwa Kijiko
Mazungumzo na wamiliki wa silaha, wakulima wa korosho na viongozi wa vijiji, Newala



Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimekuja na maneno ambayo natumaini yatamponya mtu jicho au kidole.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja aliye na leseni ya bastola alinivuta kando akaniuliza swali la haki. Alisema: "Mwanangu, risasi ni ghali na duka lenye kibali liko mbali. Maganda yaliyotumika ninayo. Niambie, nichague baruti ya namna gani ili nijaze risasi zangu mwenyewe nyumbani?" Nilimwomba ruhusa nilijibu swali lake mbele ya wote, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye kulifikiri. Naye alikubali.

Jibu langu ni fupi: hakuna baruti ya kuchagua. Kazi hiyo haifai kufanyika nyumbani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria, na ya pili ni tabia ya baruti yenyewe.

Tuanze na sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila anayemiliki silaha awe na leseni. Leseni hiyo ni ya kumiliki. Haimpi mwenye nayo ruhusa ya kutengeneza risasi, kama vile leseni ya kuendesha gari isivyompa mtu ruhusa ya kufungua kiwanda cha magari. Tena Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi yetu ilitia saini, inapotaja risasi haimaanishi risasi kamili tu. Inataja pia ganda, fataki, baruti na kichwa chake. Juu ya hayo ipo Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, inayosimamia utengenezaji, uhifadhi na usafirishaji wa vilipuzi. Kwa hiyo kopo la baruti lililofichwa uvunguni mwa kitanda si mali ya kawaida ya nyumbani, hata kama mwenye nyumba ana bastola halali.

Pengine mtasema: mbona Marekani watu hujaza risasi majumbani kwao? Ni kweli, huko inaruhusiwa. Lakini anayejaza huko hununua baruti katika kopo lililofungwa, lenye jina la aliyeitengeneza. Ana mizani inayopima sehemu ndogo sana ya gramu. Na ana majedwali yaliyochapishwa kwa baruti hiyo hiyo, kichwa hicho hicho na silaha hiyo hiyo. Pamoja na yote hayo, wapo wanaoumia. Sisi tukiwa na kijiko, karatasi na mwanga wa kibatari, tutakuwa tunabahatisha tu.

Sasa tuje kwenye tabia ya baruti. Wengi hudhani baruti ni moja, kama chumvi. Sivyo. Baruti nyeusi, ile ya gobore, ni ya kale mno; ilianzia China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Huacha moshi mzito na masizi mengi mtutuni, na msukumo wake ni mdogo. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti ya aina nyingine kabisa, isiyotoa moshi mwingi. Hiyo ndiyo iliyo ndani ya risasi za leo, na nguvu yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ile nyeusi kwa uzito ule ule.

Hata hii ya pili nayo si moja. Watengenezaji hubadili ukubwa wa chembe zake, umbo lake na dawa inayopakwa juu yake, ili iungue haraka au polepole. Ya bastola huungua upesi kwa kuwa mtutu ni mfupi. Ya bunduki ndefu huungua taratibu. Ukiziweka mbili hizo kiganjani, huenda zikafanana kabisa kwa rangi na kwa umbo. Jicho halina uwezo wa kuzitofautisha, wala pua.

Na kosa dogo lina uzito gani? Bastola ya kawaida ya milimita 9 inapofyatuliwa, shinikizo ndani yake hupanda hadi zaidi ya mara 2,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Upepo wa tairi la gari dogo ukilinganishwa na hilo si kitu. Chuma cha bastola kimetengenezwa kuhimili kiasi hicho na ziada kidogo. Baruti ikizidi, au ikiwa ni ya aina nyingine, chuma hupasuka mkononi mwa mwenyewe, sentimita chache kutoka usoni pake. Baruti ikipungua, kichwa cha risasi hukwama katikati ya mtutu; naye asiyejua akifyatua tena, risasi ya pili huikuta njia imezibwa. Kuzidisha kunadhuru, na kupunguza kunadhuru.

Ndugu zangu, hapa naomba niseme jambo la nyumbani kwetu. Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore, kwa kuwa nguruwe pori walikuwa wakimaliza mihogo yake. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole gumba wala cha shahada. Sisi wajukuu tuliambiwa kwamba aliumwa na nyoka wakamkata ili kumwokoa. Miaka yake ya mwisho ndipo aliponieleza ukweli. Baruti nyeusi ilikuwa imemwishia, akafungua risasi za bunduki alizoziokota, akachota baruti yake, akapima kipimo kile kile alichokizoea. Gobore lilipasuka. Aliona haya kusema, maana alijulikana kuwa fundi. Mimi siioni aibu hiyo. Naona laiti angalisema mapema, kijana mwingine angeponea hapo. Kwa hiyo namsemea leo: mwenye gobore lenye kibali asithubutu kulijaza baruti iliyotoka ndani ya risasi. Gobore halikutengenezwa kwa nguvu hiyo.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa korosho. Kila msimu tunapuliza salfa ya unga mashambani kuzuia ubwiriunga, na mifuko hukaa ndani ya nyumba tunamolala. Salfa hiyo hiyo ni mojawapo ya viungo vya baruti nyeusi, na ndiyo maana huwapo wanaoshawishika kujaribu kutengeneza yao. Asijaribu mtu. Mchanganyiko wa namna hiyo huweza kuwaka kwa cheche ndogo au kwa msuguano tu, ukiwa bado mikononi. Hata salfa pekee yake ni ya kuogopwa: vumbi lake likitanda hewani karibu na moto huweza kulipuka, na ikiungua hutoa hewa kali inayobana kifua. Mfuko wa salfa ukae mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko, mbali na makaa, mafuta ya taa na mbolea, wala usiwe chumba kimoja na silaha au risasi.

Baruti huzeeka pia. Hii ya kisasa, ikikaa miaka mingi katika joto la chini ya bati, huanza kuoza. Hutoa harufu kali ya asidi, na inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Risasi za urithi, zilizoachwa na marehemu ndani ya sanduku, zisihifadhiwe kama kumbukumbu.

Basi, mwenye leseni afanye nini? Namshauri haya:

1. Anunue risasi kamili kwa muuzaji mwenye kibali tu, adai stakabadhi, na ahakikishe maandishi yaliyo kwenye ganda yanalingana na yaliyo kwenye silaha yake.

2. Azitunze katika pakiti yake ya asili, pakavu, zikiwa zimefungiwa, mbali na silaha na mbali na watoto.

3. Asinunue risasi iliyo wazi bila pakiti, hata kama bei yake inavutia. Hakuna ajuaye imejazwa na nani.

4. Risasi iliyofyatuliwa ikatoa mlio hafifu, asiendelee. Aelekeze mtutu mahali salama, asubiri, kisha aipeleke silaha ikakaguliwe na fundi anayetambuliwa.

5. Mwenye baruti, risasi kuukuu au silaha isiyo na kibali aonane na mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi kabla ya kuisogeza. Serikali imewahi kutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2022. Tangazo la namna hiyo likitolewa, msiliache likapita.

6. Ukikuta shambani chuma usichokijua, usikiguse. Uwanda huu ulipiganiwa na Wareno na Wajerumani mwaka 1916, na ng'ambo ya Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilidumu tangu 1964 hadi 1974. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, piga simu polisi 112. Moto ukizuka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mzee wangu aliyeniuliza, sikukujibu ulivyotarajia. Najua umbali wa duka haujapungua kwa maneno yangu, wala bei ya risasi. Lakini risasi ile unayotaka kujiwekea akiba ni kwa ajili ya kuilinda nyumba yako. Isiwe ndiyo itakayoidhuru.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na asiyependa kuuliza hadharani nitamngoja chini ya mkorosho ule hadi jioni.