Uhandisi wa Fedha au Mifumo ya Kompyuta?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani, Idete)



Vijana wanaotazamia chuo kikuu wameniuliza: kati ya shahada ya uhandisi wa fedha na shahada ya mifumo ya habari ya kompyuta, ipi bora? Nitajibu waziwazi, kwa sababu wengi wenu mtasomeshwa kwa mpunga wa wazazi, na mpunga haurudishwi ghalani ukishauzwa.

Kwanza tuelewe majina. Uhandisi wa fedha si kuhesabu noti benki. Ni hisabati ya mashaka. Mzazi wetu hapa bondeni, akibanwa na njaa mwezi wa Februari, humwuzia mchuuzi mpunga ungali shambani, kwa bei ya siku ile. Wakati wa mavuno bei yaweza kuwa juu au chini, na mafuriko yaweza kuchukua shamba zima. Je, bei ya haki ya Februari ni ipi? Hilo ndilo swali la uhandisi wa fedha. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walitoa kanuni ya kupima thamani ya mkataba unaompa mtu haki, bila kumlazimisha, ya kununua baadaye kwa bei iliyopangwa. Elimu hii imejengwa juu ya kazi kama hiyo.

Mifumo ya habari ni kazi nyingine. Ni kujua habari gani ikusanywe, nani aiandike, itunzwe wapi, na nani aruhusiwe kuiona. Mtu anapolipa ada ya Serikali kwa namba ya malipo kupitia simu yake, nyuma ya namba ile upo mfumo uliobuniwa na watu wa elimu hii.

Ndugu zangu, Idete yetu imekwisha kuziona elimu hizi mbili zikifanya kazi pamoja. Miaka ya 1990 chanjo ya malaria iitwayo SPf66 ilijaribiwa hapa kwa watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Lakini hisabati ikaonya kwamba ukweli waweza kuwa popote kati ya karibu sifuri na asilimia 52. Majaribio ya baadaye mahali pengine hayakuonyesha kinga ya maana, na chanjo ikaachwa. Bila daftari safi la watoto, hesabu ingekuwa ya uongo; bila hesabu ya mashaka, daftari lingetutia matumaini ya bure.

Historia ya Serikali yetu inatufunza vilevile. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya mahesabu kwa kompyuta ilikwenda kombo, ikiwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine haikuwa na kosa. Tulipungukiwa na watu wetu wenyewe wanaojua fedha na mashine kwa pamoja. Hata leo, kazini kwangu, namwona mhasibu na mtu wa kompyuta wakikaa meza moja bila kuelewana.

Sasa jibu langu. Anayetaka shahada yenye jina la uhandisi wa fedha ataipata Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore. Hapa nchini iliyo karibu nayo ni sayansi ya bima na takwimu, inayofundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Lakini soko la kazi yenyewe kwetu bado ni dogo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na biashara yake kubwa ni hisa na hati fungani. Mifumo ya habari, kinyume chake, inatakiwa hospitali, halmashauri, viwandani na vyama vya ushirika.

Kwa hiyo kijana wa kawaida namshauri achukue mifumo ya habari, ila asikimbie hisabati, na ajifunze uhasibu pembeni. Yule mmoja au wawili wanaofanya hesabu usiku bila kutumwa na mwalimu, hao wasiogope. Waende kwenye hisabati ya fedha, maana bima ya mazao ya bonde hili inawangoja.

Asichague mtu kwa uzuri wa jina. Mimi nilichagua hivyo, nikatumia miaka kujifunza kazini yale ambayo ningeyajua darasani. Hisabati mnayoikwepa leo ndiyo mlango wa shahada zote mbili. Anzeni nayo kesho asubuhi.